Bi Simu na Ubao wa Bei

Nnasema mapema, nisije nikaonekana mnafiki mbele ya wanaonijua: mwanamke huyu nilimchukia miaka miwili mizima. Si chuki ya kutukanana, la. Sisi watu wa mjini tukichukiana tunasalimiana. Kila asubuhi nikifungua milango ya duka langu nikisema, "Shikamoo, Bi Simu," naye akijibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" huku mgongo kanipa mimi, yuko juu ya kigoda, chaki mkononi, anaandika ubaoni bei ya sukari ya kila duka analolijua isipokuwa langu. Langu aliliweka mwisho. Alipofika hapo aligeuka, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Na wewe leo, bei gani?" Na watu washajaa kichochoroni, wote wanasubiri jibu langu. Ningesema nini mimi?

Duka langu na baraza yake vilitazamana, katika kichochoro kimoja nyuma ya soko la Darajani. Wakikutana watu wawili wenye vikapu, mmoja lazima arudi nyuma. Jina lake la kweli kila mtu alilijua na hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bi Simu kwa sababu tangu usichana wake mpaka alipostaafu alikuwa opereta, kazi yake kuunganisha simu za mji. Alikaa mbele ya meza yenye matundu, waya huku na waya huku, watu wanamtajia namba naye anawakutanisha. Kazi hiyo ilimwachia mambo mawili. La kwanza, kichwa chake kiliinama kidogo upande wa kulia, sikio mbele, hata akila. La pili ni neno "Rudia."

Hukumwambia Bi Simu kitu chenye namba ndani yake akakupokea hivi hivi. Ukisema arusi ni tarehe fulani, atakwambia, "Rudia." Ukisema mtoto kashika nafasi ya tatu skuli, "Rudia." Siku moja alikuja mtu kumposa binti wa Bi Simu, na bwana yule akataja mahari kwa sauti ya madaha. Bi Simu akainamisha sikio na kusema, "Rudia." Masikini yule akadhani ameambiwa kidogo, akaongeza. Bi Simu mwenyewe alishangaa, lakini hakumrudisha nyuma.

Ubao wake ulikuwa ubao wa skuli uliotupwa. Ulipasuka katikati, ufa kutoka juu mpaka chini, na ndiyo maana skuli waliutupa, na ndiyo maana yeye aliupenda. Kushoto kwa ufa aliandika "Vilivyoingia". Kulia aliandika "Vinavyotafutwa". Chaki alikuwa nazo za rangi tatu: nyeupe kwa nguo na vyombo, manjano kwa vyakula, nyekundu kwa maonyo. Mchele, unga, sukari, samli, vyote hivyo ni manjano. Nnaomba uikumbuke rangi hiyo, kwani itakuja kunifedhehesha.

Zama hizo, katikati ya miaka ya themanini, ndiyo kwanza mlango wa biashara unafunguliwa. Waliokuwapo wanakumbuka tulikotoka: foleni ya sabuni, foleni ya unga, mtu anajiunga kwenye foleni kwanza halafu ndiyo anauliza inauzwa nini. Ghafla vitu vikaanza kuingia. Kutoka Dubai, kutoka kila pahala, marobota ya khanga, redio, mabati, mchele wa kila jina. Sisi wenye maduka tukasema alhamdulillahi, sasa tutapumua. Na tulipumua kweli, kwa sababu vitu vilikuwapo lakini mnunuzi hakujua viko wapi. Mtu katoka shamba na kikapu chake, anaingia duka la kwanza analoliona, anaambiwa bei, anailipa, anaondoka na kushukuru. Biashara tamu kuliko hiyo sijapata kuiona tena.

Bi Simu ndiye aliyeiharibu. Nilipomuuliza kimemsibu nini hata akaanza na ubao huo, alinihadithia jambo lililomtokea kazini, na alilihadithia bila ya jina la mtu, maana siri za simu alizibeba kwa yamini. Siku moja aliunganisha simu ya mtu wa shamba aliyekuwa akilia kuwa tungule zake zinaoza. Tungule ndizo nyanya kwetu. Amevuna, hana wa kumuuzia, anawapa ng'ombe. Haijapita saa, akaunganisha simu ya mtu wa mjini, mwenye shughuli nyumbani kwake, anagomba kuwa tungule hazipatikani mji mzima hata kwa dawa.

"Nimekaa katikati, mwanangu," akaniambia. "Waya wa huyu mkono huu, waya wa yule mkono huu. Na mdomo wangu umefungwa, si ruhusa kusema. Nikawaacha wote wawili, mmoja analia kuwa anavyo, mmoja analia kuwa hana. Siku ile nilirudi nyumbani sikula."

Alipostaafu hakutaka kitu ila ule ubao wa skuli.

Alikuwa akisema kuwa nchi ni kama ile meza yake ya simu: watu wapo na namba zipo, lakini kama hakuna wa kuwaunganisha, kila mtu anakaa na waya wake mkononi anasema nchi hii haina kitu. Wakubwa walipozungumza redioni juu ya maendeleo, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Na tungule wamezitaja?"

Khabari zake zilimfikia kwa kashata. Asubuhi alipika sinia moja ya kashata za nazi, akaiweka barazani, juu yake kitambaa. Hamali wa bandarini wakitoka zamu walipitia kwake. Wanawake wa shamba wakishusha vikapu walipitia kwake. Kila mmoja alikuwa na la kusema, na kila mmoja aliulizwa suala lile lile: "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeona, unapewa kashata moja na khabari yako inaandikwa. Ukisema umeambiwa, unapewa maji ya kunywa na unashukuriwa. Kulikuwa na hamali mmoja, mtu wa maneno mengi, aliyewahi kunywa gilasi nne za maji kwa asubuhi moja. Ya tano akasema, "Bi Simu, basi hii nnakwenda kuiona," akatoka mbio kuelekea bandarini, akarudi anahema na kashata yake akala.

Upande wa kulia wa ufa, wa vinavyotafutwa, ulifanya mambo ambayo mpaka leo sijui nani angeyafanya. Alikuwapo fundi seremala mmoja, baba yake katoka bara, mkono wake dhahabu lakini kazi hana. Kutwa anakaa kichochoroni anachonga vijiti vya meno. Asubuhi moja ubao ukasema: "Uroa, wanaojenga nyumba za wageni wanatafuta vitanda." Fundi akasoma, akasoma tena, akaondoka bila ya kuaga. Miezi sita baadaye alikuwa na karakana na watu watano chini yake, na kila mmoja wa watu wale akinunua unga dukani kwangu. Hilo la unga sikuliona wakati ule. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa juu ya sukari.

Usidhani nakuelezea malaika. Bi Simu aliyeanika bei ya kila mtu hakumwambia mtu umri wake. Achari yake ya ndimu ilikuwa gumzo la mtaa, na marehemu mama yangu alimwomba namna ya kuipika mpaka akafa hakuambiwa. Mama akimwambia, "Si wewe unayesema khabari ni ya wote?" naye akijibu, "Hiyo si bei, hiyo ni achari." Na kwa kuvutana bei alikuwa hana huruma. Alikuwa akimsimamisha muuza mchicha mpaka mchicha wenyewe ukanyauka, akapunguziwa, halafu akaenda kuiandika bei ile ubaoni! Wauza mchicha wakimwona anakuja walijifanya wanasali sunna.

Na nyumbani kwake hakutaka simu. Bintiye alimshawishi aweke, akakataa katakata. "Nimesikiliza watu miaka yote hiyo bila ya kuwaona nyuso," alisema. "Sasa anayetaka kusema na mimi aje na uso wake."

Kuna siku alikuja bwana mmoja wa ofisini, kalamu mfukoni, kumuuliza kama ana kibali cha kutangaza bei. Bi Simu akamkaribisha, akampa kashata kabla hajasema kitu, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Mimi nnaandika nilichoona, baba," akamwambia. "Kuona nako kuna kibali?"

Bwana yule akakuna kichwa, akautazama ubao ili apate la kuandika, na macho yake yakaganda. Alikuwa akitafuta mpira wa baiskeli mwezi mzima, na ubao ulikuwa unamwambia uko mtaa wa Mchangani. Hatukumwona tena, ila akipita na baiskeli alipiga kengele.

Sasa nifike kwenye langu.

Nilikuwa nimeingiza mchele. Mapolo, yale magunia makubwa, yamejaa mpaka mlangoni, na nilikuwa nimeununua ghali kwa ujinga wangu, kwa haraka ya kumuwahi mwenzangu. Wiki ile ile duka moja la Mchangani likaingiza mchele kama ule ule na kuuza kwa bei ambayo mimi nikiifuata, nilihisi, nafunga duka. Duka hilo ndilo alilobakisha baba yangu. Babu yangu alikuwa na mashamba, baba yangu akawa na duka, mimi nikaona nitakuwa wa kwanza kubaki na kofia yangu tu. Nnayasema haya si kwa kujitetea. Nnasema nilivyokuwa.

Asubuhi Bi Simu akaandika, kwa manjano, mstari wa mchele wa Mchangani juu, na mstari wa mchele wangu chini yake. Hakuna aliyekuja kwangu. Adhuhuri ikapita, watu wakaingia ndani kula na kujinyoosha, kichochoro kikawa kitupu, hata paka wamelala. Nikavuka. Hatua tatu tu. Nikanyanyua mkono, nikaufuta mstari wa Mchangani kwa mkono wa kanzu yangu, nikarudi kukaa nyuma ya mizani.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa Uroa. Alikuwa anamwoza binti yake, ametoka na alfajiri kununua vitu vya arusi. Akasimama mbele ya ubao, akausoma pole pole, kidole kinafuata maandishi, kisha akageuka akaja moja kwa moja kwangu. Hakuvutana bei hata kidogo. "Ubao ushasema uko kwako tu," alisema. Akalipa. Nikamwita hamali ampelekee mapolo yake garini. Nikampa na mkono wa baraka ya arusi, wallahi, nikampa.

Kabla ya Alasiri alirudi. Alikwenda Mchangani kutafuta kitambaa akaukuta mchele. Alichotoa zaidi kwangu ndicho kilichokuwa cha samli na sukari, na sasa atarudi Uroa na arusi isiyo na samli. Hakuja kwangu. Kwangu angekuja kufanya nini, mimi si mwenye duka tu? Alikwenda kusimama mbele ya Bi Simu, na watu washaamka, baraza zimejaa.

"Bi, mimi nimepita maduka sita bila ya kuuliza, kwa sababu yako wewe," alisema, na sauti inamtetemeka. "Ubao wako muongo."

Na Bi Simu, niamini, akamuuliza hata siku ile: "Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona kwa macho yangu. Mapolo yamepangwa mpaka nje."

Bi Simu akageuka kuutazama ubao. Ule mstari aliuandika kwa mkono wake asubuhi, na sasa haupo. Angeweza kusema kuna mtu kafuta. Kila mtu angemsadiki, na macho ya kila mtu yangekuja upande wangu. Nilikuwa nimekunja mikono kifuani, nnatazama dari. Akachukua kitambaa akafuta ubao wote, kushoto na kulia, akapanda kigodani akaandika kwa chaki nyekundu: "Leo ubao huu umekosea. Mchele upo Mchangani, rahisi zaidi. Nnaomba radhi." Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kopo lake la samli na mfuko wa sukari, vya jikoni kwake.

Mama wa Uroa akarudi nyuma. "Siwezi kuchukua, Bi."

"Chukua. Ukifika Uroa sema ubao umekosea. Halafu sema ubao umeomba radhi. Yote mawili, usiache moja."

Tangu siku hiyo hakuandika. Tulipomuuliza alisema ubao uliokosea unyamaze siku saba. Mimi nilifurahi. Nikajiambia, haya, sasa dunia imerudi kama ilivyokuwa. Siku ya kwanza nikangoja wateja. Siku ya pili nikapanga upya makopo. Siku ya tatu nikamuuliza mwenye duka la kahawa hapo pembeni kama leo ni sikukuu, mbona hapiti mtu? Akanicheka. "Waje kufanya nini huku? Walikuwa wakija kusoma."

Alaa! Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Watu wa shamba, hamali, mafundi, mama wa nyumbani, wote wale walikuwa wanaingia katika kichochoro chetu kwa ajili ya ubao, na wakishausoma, duka lililo mbele ya macho yao lilikuwa langu. Chumvi walinunua kwangu. Kiberiti kwangu. Mafuta ya taa kwangu. Nilikuwa nikimchukia mwanamke aliyekuwa ananiletea mji mzima mlangoni, na nikaufuta mji wote ule kwa mkono wa kanzu. Siku ya tano mapolo yangu yalikuwa pale pale, na nikaanza kuota nnafunga duka.

Siku ya sita nikavuka tena zile hatua tatu, safari hii mbele za watu.

"Bi Simu, nnakuomba uandike. Hata bei yangu ya ghali iandike."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye wa kuniambia niandike?"

"Mimi."

"Rudia."

"Mimi, Bi Simu. Nnaomba uandike."

Akacheka mpaka akakohoa, na siku ya nane akaandika. Mimi nikaushusha mchele wangu ukawa sawa na wa Mchangani. Faida ilikuwa kiduchu, lakini mapolo yaliisha kabla ya mwezi kuandama, na nilipoingiza mengine nilijua kwanza bei ya mji ndipo nikanunua. Duka halikufungwa. Duka lipo mpaka leo, limekula na duka la jirani.

Na yule mama wa Uroa? Arusi ilifana. Wiki chache baadaye akashusha kikapu chake barazani kwa Bi Simu, akafunua kitambaa, akajichukulia kashata kabla ya kuulizwa. "Nimeona," akasema. Tangu hapo akawa jicho la ubao kwa upande wote ule wa pwani. Aliyeuita ubao muongo ndiye aliyekuja kuulisha khabari kuliko sote.

Hata zama za kulima mwani zilipokuja, ni yeye. Kina mama wa Matemwe waliambiwa na mnunuzi wao kuwa mwani umeshuka bei dunia nzima. Mmoja wao alikuja mjini kumtazama mgonjwa, akalia jambo hilo barazani. Mama wa Uroa yuko pale pale, akasema, "Ala! Kwetu umepanda, na mimi mwenyewe nimeuza juzi." Lakini Matemwe ni mbali na ubao hauna miguu. Bi Simu akafikiri, kisha akanituma nikamnunulie kadi ya salamu, zile zinazosomwa redioni mtu akitaka kuwasalimu jamaa zake. Siku ya pili mji mzima na shamba tukamsikia mtangazaji akisoma salamu ziwafikie kina mama wote wa mwani wa Matemwe, na ujumbe ni kwamba wenzenu wa Uroa hawajambo, na mwani wao umepanda bei. Mtangazaji alishindwa kujizuia, akacheka hewani. Mnunuzi wa Matemwe hakucheka, lakini wiki iliyofuata alikuja na bei mpya kabla ya kuulizwa.

Mwaka Bi Simu aliojaaliwa kwenda Hijja, tuliingiwa na wasiwasi nani ataandika. Wengi walitaka. Mwenye duka la kahawa alitaka sana. Bi Simu akavuka kichochoro na kopo la chaki, akaliweka juu ya mizani yangu.

"Utaandika wewe mpaka nirudi," akasema. "Kashata atapika mkeo."

Niliandika mwezi mzima na zaidi. Mtu akiniambia ameona, nilikuwa nafunga duka nakwenda kuona na mimi. Nilitembea miguu yangu mpaka bandarini, mpaka Mchangani, mpaka Kikwajuni, nikihakikisha bei ya betri. Nilisema rohoni: masikini Bi Simu, laiti angelijua kopo hili amemkabidhi nani.

Miaka imekwenda. Alipozeeka bintiye alimchukua akakae naye Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege. Ubao uliendelea kidogo, kisha simu za mkononi zikaja, kila mtu na yake, na hamali wanaulizana bei wakiwa bado juu ya meli. Nikauondoa ukutani, nikauweka ndani dukani. Sikuutupa.

Nilikwenda kumtazama asubuhi moja, na pakiti ya sukari mkononi. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, mdogo kuliko nilivyomwacha, kichwa bado kimeinamia kulia. Mapajani ana simu ya mkononi aliyopewa na wajukuu. Ikalia mbele yangu. Akaiweka sikioni na kusema kwa sauti ile ile ya kazini: "Namba gani?" Aliyepiga akakata. "Wanakata kila mara," akaniambia. "Siku hizi kila mtu opereta, mwanangu. Vizuri. Lakini nani anawauliza wameona au wameambiwa?"

Tukacheka. Tukanywa chai. Nami nilikuwa nimetoka nyumbani na jambo moja tu, nimelibeba miaka yote hiyo, nikaona nikiliacha leo nitakwenda nalo kaburini.

"Bi Simu. Ule mstari wa mchele, siku ya mama wa Uroa. Niliufuta mimi."

Akainamisha sikio. "Rudia."

Yaarabi! Nikadhani hakusikia. Nikarudia kwa sauti kubwa, majirani wasikie wasisikie, nikaongeza na kanzu na Adhuhuri na kila kitu. Akatikisa kichwa pole pole.

"Nimesikia mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka nione kama itakuwa ile ile."

"Ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, ulikunja mikono kifuani, na mkono mmoja wa kanzu ni manjano mpaka kwenye kiwiko. Mji mzima waliangalia uso wangu mimi. Mimi niliangalia kanzu yako."

Hapo nikakumbuka mke wangu alivyoniuliza jioni ile, huku anafua, kama nimekula biriani kwa mkono wa kanzu, nami nikamwitikia, ndiyo, biriani. Machozi yakanitoka na kicheko pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakunisema.

"Siri ya mtu si bei."

"Na chaki? Mtaa mzima walikuwa wanaitaka. Ulijua nilivyofanya, na ukanipa mimi."

Akanitazama juu ya miwani, kama alivyokuwa akinitazama kila asubuhi kutoka kigodani.

"Nani mwengine mtaani pale angeogopa kukosea kama wewe?"

Ndege ikapita juu yetu, naye akangoja mpaka kelele ziishe, kisha akaigusa pakiti ya sukari niliyomwekea mapajani.

"Ehe. Sukari leo bei gani mjini?"

Nikamwambia.

"Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona, Bi Simu. Nimepita maduka manne kabla ya kuja."

"Rudia."

Nikarudia, duka kwa duka, na langu nikaliweka mwisho.